Mpima na Jumapili ya Pili

Ukimuuliza njia, alikujibu kwa hatua. Mtu aliyepotea katika vichochoro vya Malindi, hapa Unguja mjini, aliambiwa aende hatua tisini moja kwa moja, apinde kushoto penye fundi cherehani, kisha hatua arubaini na moja, na ngazi asizihesabu. Wengi waliitikia kwa adabu, wakaenda kumuuliza mtu mwingine mbele. Yeye hakujali. Alikuwa amepima ardhi ya kisiwa hiki tangu ujana wake mpaka akastaafu, na kwake asiyejua umbali hakuwa na la kumweleza mtu.

Sote tulimwita Mpima. Mkewe alimwita Mpima, wajukuu walimwita Babu Mpima, na imamu alipotaka kumwombea dua mbele ya watu alisita kidogo, kama anayejaribu kukumbuka kwamba mzee huyu ana jina jingine.

Nilijuana naye kwa ugomvi. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na mwaka ule nilikuwa nimepewa kazi ya kuchora njia za mbio kwa ajili ya siku ya michezo ya skuli yetu. Mpima alikuja kumtazama mjukuu wake akikimbia. Mbio zilipokwisha alimfuata mwalimu mkuu na kumwambia, mbele ya wazazi na soda zao mkononi, kwamba mita mia za skuli hii ni mita tisini na sita. Nilitamani ardhi inimeze. Jioni watu walipoondoka nikachukua utepe nikapima upya, mara mbili, na mara zote mbili zilikuwa tisini na sita. Kesho yake nilikwenda nyumbani kwake kukiri. Hakunipongeza wala hakunicheka. Aliniuliza tu kama najua gofu.

Najua neno hilo likitajwa Unguja watu hufikiria hoteli na wageni wenye kofia nyeupe. Gofu yetu haikuwa hiyo. Kiwanja chetu kiko njia ya Mangapwani, ndani ya shamba la minazi ambalo mwenyewe alituruhusu kwa sharti kwamba nazi zake zisiguswe. Kina mashimo tisa, ng'ombe wanane na mbuzi wasio na idadi. Kandokando ya shimo, pale ambapo wenye uwezo huotesha majani laini, sisi tumemwaga mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari, na kila anayemaliza huburura ubao kufuta nyayo zake ili anayefuata akute mchanga uliosawazika. Mpima ndiye aliyekipima kiwanja hicho chote kwa miguu yake, na ndiye aliyetunga kanuni zake. Mpira ukichukuliwa na kunguru, weka mwingine bila adhabu. Ukimgonga ng'ombe, cheza ulipoangukia, na ng'ombe umwache. Mpira ukiingia kwenye makaburi ya kale karibu na shimo la nne, unatoa salamu, unauokota kwa mkono, unarudi nyuma hatua mbili, na huongezewi mkwaju, yaani pigo, kwenye hesabu yako. Kanuni ya makaburi aliieleza kwa sauti ya chini, nyingine zote kwa sauti ya kusoma hukumu.

Nikajifunza, kwa suruali pana na mtandio uliobanwa kwa pini sita. Mama yangu aliuliza mara moja tu, hivi mtu mzima anafukuzana na kijipira porini kwa faida gani. Faida hiyo sijaiona mpaka leo, na sijaacha.

Kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi, na jambo moja lazima nilieleze hapa. Kadi yako ya matokeo huiandiki mwenyewe. Mwenzako unayecheza naye ndiye anayehesabu mikwaju yako na kuiandika, na wewe unamwandikia yake. Mpima alipenda sana utaratibu huu. Tangu mwaka wangu wa kwanza alinichagua mimi kuwa mwandishi wake, kwa kuwa, alisema, nimewahi kukosea hesabu hadharani na nikarudi kupima tena. Nilichukulia hilo kuwa ni sifa. Kwa Mpima sifa hazikuwahi kuja zikiwa wazi zaidi ya hapo.

Ukali wake niliuonja katika mwaka wa tatu. Nilikuwa shimo la mwisho na mashindano nimeyashika mkononi. Mpira wangu ulikuwa umelala juu ya kuti kavu. Nilipoweka fimbo nyuma yake kuti likatikisika na mpira ukajiviringisha, nusu mzunguko hivi. Nikatazama huku na huku. Hakukuwa na mtu ila Mpima, hatua hamsini kutoka nilipo, ameinua uso anawatazama kunguru. Nikajinyamazia.

"Bi Mwalimu," akaita bila kugeuka, "mpira wako umesogea."

Nikasema haukusogea. Akasema umesogea, niurudishe pale ulipokuwa na nijiongezee mkwaju mmoja. Nikaurudisha, nikajiongezea, nikashindwa kwa mkwaju huohuo mmoja. Nilinuna wiki mbili. Salamu nilimpa kwa kuwa ni mzee, lakini niliitoa puani. Wiki ya tatu akaja skuli na mfuko wa matunda ya mabungo, akauweka juu ya meza yangu na kusema, "Mimi nliona. Mtu akiona akanyamaza, keshatia mkono wake mchezoni." Akaondoka. Mabungo yalikuwa makali, nikayala yote.

Sasa mtu huyohuyo, kwenye karata, alikuwa mwizi.

Sitii chumvi. Baada ya alasiri tulikaa barazani kwake watu wanne, yeye, mkewe ambaye nyumba nzima ilimwita Bi Mkubwa, mimi na jirani yeyote aliyepita. Mpima alificha turufu chini ya paja. Alichungulia karata zetu kwenye mng'aro wa sinia ya kahawa. Aligawa kutoka chini ya fungu huku akimuuliza jirani hali ya mgonjwa wake. Tulipomshika hakuona haya hata chembe. Karata ni mchezo wa macho, alisema, na aliyeibiwa kalala mwenyewe. Gofuni mtu yuko na minazi tu, nani wa kumlinda? Barazani tuko watatu dhidi yake, macho sita, na macho sita yakishindwa kumkamata mzee mmoja basi yastahili kuliwa. Bi Mkubwa alikuwa akimkamata mara moja katika kila mara tano, na alinambia kwamba hiyo ndiyo siri ya ndoa ndefu.

Alikuwa na ukaidi mwingine pia. Alikuwa na sukari na alikula halwa, akidai kwamba ameipima. Aliwakemea wanaochelewa na mwenyewe hakuvaa saa. Alimwambia kila mtu kwamba gofu si ya kushinda, na kitu alichokitamani kuliko vyote duniani kilikuwa dele.

Dele letu ni la shaba, la kahawa, kuukuu, mdomo wake umepinda. Hupewa mshindi wa mwaka, akakaa nalo nyumbani. Mashindano huchezwa Jumapili mbili zinazofuatana, na hesabu za siku zote mbili hujumlishwa. Wawili wakilingana, dele hubaki kwa aliyekuwa nalo. Kanuni hiyo nayo alitunga Mpima, na katika miaka yote hiyo dele halikuwahi kulala nyumbani kwake hata usiku mmoja. Kwa miaka miwili mfululizo lilikuwa mtaa wa Ng'ambo kwa Fundi, mtengenezaji wa mafriji, mtu ambaye wazazi wake walitoka bara, aliyekuja kiwanjani moja kwa moja kutoka kanisani na viatu vyake vya kanisani. Fundi alipiga mpira kama anaugombeza, na ulimtii.

Mwaka wa Korona, Jumapili ya kwanza, Mpima alicheza kama sijapata kumwona. Alimaliza akiwa mbele ya Fundi kwa mikwaju minne. Njia nzima ya kurudi mjini, ndani ya pikapu ya Fundi, alikaa kimya, na mimi niliyemzoea nilijua ni furaha. Katikati ya wiki serikali ikafunga skuli, ikafunga na michezo yote. Jumapili ya pili ikapita bila kuchezwa.

Nataka niseme wazi kwamba nilikasirika. Mtaani kwetu tulizika watu siku zile, na kwenye maziko yenyewe hatukuweza kupeana mikono, kwa hiyo nilijua kuwa kulilia mchezo ni aibu. Nililia hivyohivyo, mwilini nikiwa mzima na moyoni na hasira. Mpima alikasirika kwa namna yake. Alikwenda soko la Darajani na fimbo yake ya kupimia, akasimama kwenye mnada wa samaki, akaanza kupima nafasi baina ya mnunuzi na mnunuzi. Watu wakadhani katumwa na watu wa afya, wakaachana wenyewe, akaharibikiwa na vipimo. Akangoja wasahau, akapima tena. Akarudi nyumbani akaandika barua kwa ofisi inayohusika, kurasa tatu na ramani. Upande mmoja wa ramani ulikuwa soko, watu wamechorwa kwa nukta mpaka karatasi imekuwa nyeusi. Upande wa pili ulikuwa kiwanja chetu, kwa kipimo kilekile, na nukta nne.

Baada ya mwezi akajibiwa kwamba barua yake imepokelewa na inafanyiwa kazi. Alinisomea jibu hilo mara mbili, mara ya pili polepole, kana kwamba huenda kuna nukta ameiruka.

Hapo Fundi akatoa shauri. Mangapwani nani atatuona, alisema, twende tumalize yetu, watu wanne, kimya kimya. Mimi nilikuwa nimeshasema ndiyo kabla hajamaliza. Kesho yake Mpima alipanda vespa yake, akaenda kiwanjani peke yake, akang'oa vibendera vyote tisa na kuvileta mjini. Akavisimamisha ukumbini kwake, nyuma ya mlango, miavuli ilipokuwa ikikaa. Kufungwa ni kufungwa, alisema. Nilimwambia kwamba yeye ndiye aliyeandika kurasa tatu kuthibitisha kwamba kanuni ile haina maana. Akanijibu kwamba naam, haina maana, na ni kanuni.

Waliosimamia mashindano wakaona bora wamalize jambo. Wakamjia wakamwambia kwamba alikuwa mbele, Jumapili ya pili haijulikani, achukue dele lake kwa Jumapili ya kwanza. Fundi mwenyewe alikubali na alikuwa ameshalisugua kwa ndimu. Mpima akawapa kahawa, akawashukuru, akakataa. "Nusu ya shamba haikatiwi hati," aliwaambia. Nilidhani ni kiburi, na nilimwambia hivyo usoni.

Baada ya siku chache nilipita alasiri, tukakaa barazani watatu, kila mtu na barakoa yake, tukacheza karata. Nikamla Mpima. Nikamla tena. Mara ya tatu niliiacha turufu yangu juu ya goti, uso juu, makusudi kabisa, mahali ambapo miaka yote hiyo angeshaisoma kabla sijaiweka. Hakufanya kitu. Alicheza kwa haki, akaliwa kwa haki, na akanipongeza. Nilimtazama Bi Mkubwa, naye akainamisha kichwa.

Bi Mkubwa alinifuata ukumbini nilipokwenda kunawa. Pale katikati ya vibendera aliniambia. Ni presha ya macho. Daktari alisema kilichokwenda hakirudi na kilichobaki kinakwenda, dawa zinachelewesha tu. Mpima alilijua hilo kabla ya Jumapili ya kwanza. "Alikuwa kahisabu," Bi Mkubwa alisema. "Alijua macho yanamtosha kwa Jumapili mbili. Hakuweka hisabu ya maradhi ya dunia nzima." Akanitaka nisimwambie mtu, hasa Fundi, kwa kuwa Fundi angeshindwa makusudi.

Tangu siku hiyo sikuwa na raha. Kila wiki ya kufungwa ilikatwa kutoka kwenye macho yake, na hakukuwa na ofisi ya kuiandikia. Vespa ikaacha kutoka. Akaanza kunitambua kwa salamu, si kwa sura. "Shikamoo Mzee," nikisema, ndipo uso wake ungegeuka kunielekea.

Michezo ilipofunguliwa majani ya masika yalikuwa yametufika magotini. Tulifyeka siku nne. Mpima mwenyewe alirudisha vibendera, na hakukosea shimo hata moja, maana kiwanja kile alikuwa nacho miguuni. Jumapili ya pili ikachezwa kwa mpangilio uleule wa mwanzo, Fundi na mwenziwe mbele, Mpima na mimi nyuma yao.

Mpima alipiga, kisha akasimama na uso umeinuka, kama anayefuata mpira angani. Halafu aliuliza kwa mnong'ono, "Wapi?" Nami nikamwambia, kulia kwa mnazi uliopinda, hatua mia na thelathini. Akaenda moja kwa moja, akihesabu. Umbali wa kila mahali aliujua. Kazi yangu ilikuwa kumwonesha ulipo mpira tu, mengine alifanya mwenyewe, na alifanya vizuri kuliko mimi niliyekuwa na macho yangu mawili. Fundi alicheza kama Fundi, akapunguza pengo, lakini hakulimaliza.

Tulipofika shimo la mwisho Fundi alikuwa ameshamaliza na hesabu yake inajulikana. Mpima alihitaji mikwaju mitano. Kwa mitano dele ni lake. Kwa sita wanalingana, na dele linabaki Ng'ambo. Hakuuliza, na sikuwa na haja ya kumwambia, maana hesabu hiyo alikuwa nayo kichwani tangu shimo la pili.

Mkwaju wa kwanza ulikuwa mzuri. Wa pili ukaenda chini ya minazi, juu ya kuti kavu.

Nilimwelekeza, akafika, akasimama. Akaweka fimbo nyuma ya mpira. Kuti likatikisika, na mpira ukajiviringisha kidogo. Nilimtazama usoni. Hakuona. Alikuwa akipanga miguu yake, ametulia, mdomo umelegea kidogo kama wa mtu anayekaribia kutabasamu. Wenzetu walikuwa mbali kivulini, na dele nililiona limewekwa juu ya boneti ya pikapu, linang'aa kwa ndimu ya Fundi. Nilikuwa na pumzi moja tu ya kuamua. Nilimchukia, nalisema hivi hivi, nilimchukia kwa mfuko wake wa mabungo.

"Mzee," nikasema, "mpira umesogea."

Akainua fimbo. "Umesogea?"

"Umesogea."

"Kiasi gani?"

"Kidole."

"Nrejeshee mkono wangu ulipokuwa."

Nikainama naye, nikashika mkono wake nikauongoza, tukaurudisha mpira pamoja, kidole kimoja nyuma. Akasema niandike mkwaju mmoja wa adhabu. Kisha akapiga, na mpira ukapita baina ya minazi miwili ukatua kwenye mchanga wa oili, mkwaju ambao nitausimulia mpaka nife. Kutoka hapo akahitaji miwili. Jumla sita. Nikaandika sita, na wino ukanirukia kwenye kidole. Fundi alipopewa dele lake tena alikuwa mnyonge kuliko sisi, na Mpima akamwambia asimame sawasawa, mshindi hainamishi kichwa.

Mara ya mwisho nilipokwenda kukaa nao Malindi ilikuwa mwaka jana. Macho yalikuwa yamekwisha kabisa. Nilitoa salamu, akaniitikia marahaba, akaniuliza nimekuja kwa hatua ngapi kutoka Darajani, nikamwambia sijui, akasikitika. Tulipokwisha kunywa kahawa aliniuliza kitu ambacho hakuwahi kukigusa.

"Kidole kile," alisema. "Cha mkono au cha mguu?"

"Cha mkono, Mzee. Cha shahada."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mimi sikuuona ukisogea. Wala sikuuhisi. Ungenyamaza, dele lingekuwa hapa, nnalipapasa, sijui la nani."

Bi Mkubwa akaleta karata. Hizi zilikuwa mpya. Mpima alikuwa amezitoboa zote kwa sindano pembeni, tundu hivi na hivi, ili azisome kwa kidole. Alituonesha utaratibu wake wote kwa uwazi, tundu moja ni nini, mawili ni nini, tukaona ni haki, maana mtu asiyeona lazima apewe njia. Akaomba agawe yeye.

Akagawa polepole, akimuuliza Bi Mkubwa bei ya papa. Na kila karata iliyopita mkononi mwake, ya kwake, ya Bi Mkubwa, ya kwangu, kidole gumba kiliigusa pembeni kabla haijatua mkekani. Alikuwa akitusoma sote. Alipofika kwenye turufu kubwa, kidole kikatulia, na ile karata ikateremka chini ya paja lake kwa wepesi wa zamani, ikabadilishwa na nyingine iliyokuwa tayari pale.

Nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwake. Bi Mkubwa alikuwa amegeukia birika.

"Mbona kimya, Bi Mwalimu?" akauliza. "Umeona kitu?"

"Sijaona kitu, Mzee," nikasema. Nikatoa karata yangu nzuri kuliko zote, nikaiweka mkekani, nikaliwa.